Mlima Usio na Mtu

Kwa miaka mingi nilichora Kibo bila mtu. Niliamka kabla ya jua, kwa kuwa kule Moshi mlima hujifunua alfajiri, na ifikapo saa nne mara nyingi mawingu huwa yamekwisha kuufunika. Nilikaa barazani na penseli yangu, nikiacha nje kila nilichoona kinauchafua: paa la bati, nguzo ya umeme, hata migomba. Nilidhani hiyo ndiyo heshima inayostahili kilele chenye mita 5,895.

Siku moja Mama aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

“Mwanangu, sisi umetupeleka wapi?” Akaweka kidole mahali nilipopaacha peupe. “Hapa pana mfereji. Babu yako aliutunza hadi alipokufa.”

Sikuwa na jibu. Miteremko ile niliyoichora kama pori ni vihamba: kahawa chini ya migomba, na maji yaliyoshushwa kutoka msituni kwa mikono ya watu.

Nilimkumbuka Fan Kuan, mchoraji wa China wa enzi ya Song. Katika mchoro wake wa hariri, wenye umri wa miaka 1,000 hivi na urefu unaozidi mita 2, jabali limetawala kila kitu; chini kabisa wanapita wasafiri na nyumbu wao, wadogo kama siafu. Ni wadogo, lakini wamo. Jina lake mwenyewe alilificha katika majani, likaja kugunduliwa mwaka 1958.

Wachina huuita uchoraji huo “milima na maji”. Sisi tuna neno mandhari, tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni kutazama. Jina lao lavitaja vitu. Letu, kimyakimya, lamtaja mwenye macho. Neno hilo lilinisuta. Nilidhani nimejiondoa mchoroni, kumbe niliwaondoa wengine tu, nikabaki mimi mtazamaji.

Nikairudia karatasi. Nilipitisha mfereji kati ya migomba, na kando yake nikamweka mwanamke mwenye mzigo wa majani ya ng’ombe kichwani, mdogo kama punje ya ulezi.

Mama alivaa miwani. Alianzia kwenye theluji, akashuka taratibu kwa kidole.

“Ndiye mimi huyu?”

“Ndiye, Mama.”

“Mzigo umeuchora mdogo,” akasema.