Mvinyo Usiongoja

Wengi wetu tunaamini kwamba mvinyo ni kama mzee wa ukoo: kadiri miaka inavyopita ndivyo heshima yake inavyozidi. Lakini uko mvinyo mwekundu wa Ufaransa unaoikataa imani hiyo. Unaitwa Beaujolais Nouveau, nao hutoka katika vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Lyon. Zabibu zake, aina ya Gamay, huanza kuchachuka zikiwa bado nzima, katika mapipa yaliyofungwa. Tangu 1985 mvinyo huo hutolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Bei yake si ya kutisha, wala haukukusudiwa kulazwa ghalani. Ukicheleweshwa sana, uhai wake hufifia.

Mpwa wangu alituletea chupa moja hapa Katesh, Krismasi ya 2024. Mke wangu alitaka iwekwe kabatini hadi ipatikane siku kubwa.

"Hapana, shangazi," kijana alisema. "Mvinyo huu ni mchanga, haungoji."

"Una mchanga?" akauliza mzee jirani yetu, Mbarabaig asiyekosa utani. "Basi uchujeni kwanza!"

Tulicheka. Tukaitia chupa katika ndoo ya maji baridi, maana mvinyo huu hupendeza ukiwa na ubaridi kidogo, kisha tukaufungua. Rangi yake ilikuwa ya zambarau angavu. Harufu ilinijia kama ya matunda mekundu pamoja na ndizi mbivu. Ulimini ulikuwa mwepesi, na uchachu mdogo uliosafisha kinywa, halafu ukaondoka bila kudai kukumbukwa.

Mzee alinywa polepole. Miongoni mwa Wabarabaig pombe ya asali ina heshima kubwa, na hutumika katika bung'eda, sherehe ya kumzika mzee aliyeishi vyema. Akaweka bilauri chini, akasema, "Ile ya asali watanimiminia nikiwa nimekwisha kwenda. Hii nainywa mwenyewe."

Hapo kicheko kilikoma. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya mji wetu na kuua watu zaidi ya 80. Katika nyumba ngapi, nilijiuliza, palikuwa na kitenge kilichokunjwa kikingoja harusi, au vikombe vilivyotunzwa kwa ajili ya mgeni asiyekuja?

Sisemi, ndugu msomaji, kwamba akiba ni upuuzi. Mkulima asiyeweka mbegu hana mwaka kesho. Lakini neno jema kwa mzazi si mbegu, wala shukrani kwa jirani haiongezeki thamani kwa kufichwa. Hayo ni mavuno ya mwaka huu. Yagawe angali yana ladha, na mwenyewe angali na kinywa cha kuionja.