Kila stima ikipotea, taima moja zaidi

Leo nawaletea kisa cha kosa langu mwenyewe. Huenda likamwokoa mwingine.

Hapa Kakamega wakati wa masika, asubuhi ni jua, alasiri ni ngurumo, na mara nyingi stima hupotea. Mwezi wa nne niliweka mfumo wa karo katika shule moja. Kompyuta ilikaa ofisini kwa bursa, bila betri ya akiba, ikiendesha seva ya Java. Kazi yake mojawapo ilikuwa hii: kila tarehe 5, saa mbili asubuhi, kila mzazi mwenye deni atumiwe SMS moja ya kumkumbusha.

Tarehe 5 mwezi wa tano bursa akanipigia simu. "Bwana, umetuma nini? Wazazi wamepata SMS 11 kila mmoja!" Pesa za SMS za muhula mzima zilikuwa zimeisha asubuhi hiyo. Na langoni alikuwa amefika nyanya mmoja kwa miguu, na pesa za jogoo aliyemuuza upesi upesi, akiamini mjukuu wake amefukuzwa. SMS moja ni ukumbusho, lakini SMS 11, kwake, zilikuwa habari mbaya.

Nilianza kwa kuilaumu kampuni ya SMS. Nilipofungua logi nikaona aibu: programu yangu ndiyo iliyotuma mara 11 katika dakika ile ile. Basi nikaiuliza huduma ya taima yenyewe. Kuna amri inaitwa getTimers, inayokuonyesha taima zote za klasi yako. Nilitarajia 1. Nikapata 11.

Chanzo ni hiki. Katika EJB, taima unayoiunda mwenyewe huwa ya kudumu usipoiambia vingine. Seva huiandika kwenye diski au hifadhidata ili stima ikipotea, taima isipotee. Ni jambo zuri. Lakini mimi niliweka amri ya kuiunda ndani ya @PostConstruct ya klasi yenye @Startup, yaani kila programu inapoanza. Seva ikiamka inakumbuka taima za zamani, nami naiongezea nyingine. Stima ilikuwa imepotea mara 10. Fanya hesabu.

Ni kama mlinzi wa shule anayeambiwa kila asubuhi, "Saa mbili piga kengele." Anaandika daftarini na hafuti ya jana. Siku ya 11 anapiga kengele mara 11, na hana kosa.

Taima hizo hazikula kumbukumbu ya maana, wala seva haikulemewa. Ndiyo maana sikushtuka mapema.

Nilirekebisha hivi:

1. Nilifuta taima zote za zamani, moja moja, kwa amri ya cancel.

2. Niliondoa ule msimbo wa kuunda taima, nikaweka @Schedule juu ya methodi, pamoja na persistent=false. Njia hii ipo tangu EJB 3.1 ya mwaka 2009. Programu ikizimika taima inakufa nayo, ikiwaka inaundwa moja tu.

3. Lakini taima isiyodumu ina hasara yake: stima ikikosekana saa mbili, ukumbusho umepita. Ile ya kudumu ingeitwa angalau mara moja seva ikirudi. Kwa hiyo sasa taima huamka kila saa na kuuliza hifadhidata, "Kuanzia tarehe 5, nani hajatumiwa mwezi huu?" Jina huandikwa kabla SMS haijatoka, na hifadhidata hukataa kumwandika mzazi yule yule mara mbili kwa mwezi.

Hatua ya tatu ndiyo muhimu zaidi. Hata taima zikiwa 20, mzazi hupata SMS moja.

Kwa mlio kwenye Jakarta EE, jina jipya la Java EE tangu 2018, mambo ni yale yale. Hesabuni taima zenu leo, kisha chomoeni waya, washeni tena, mhesabu upya. Mimi nilichomoa mara 5, na taima ikabaki 1.

Nyanya tulimwomba radhi. Pesa zake alizilipa karo, akapewa risiti na kikombe cha chai. Jogoo, bahati mbaya, hatukuweza kumrudisha.

Mpaka wakati mwingine.