Mluzi na Ahadi Yake



Jioni moja ya juma lililopita niliketi kwenye benchi kando ya bustani ya Mnazi Mmoja, upande wa Mtaa wa Lumumba, nikimtazama muuza kahawa. Hakuita kwa mdomo hata mara moja. Alishika vikombe viwili vidogo katika kiganja kimoja, akavigonganisha mara tatu, akanyamaza, kisha akavigonganisha tena. Kutoka Kariakoo zilikuja honi za daladala na kelele za wapiga debe. Lakini mlio ule mwembamba ulipenya kati yake, na watu wakaja. Nilimwuliza kwa nini hagongi mfululizo. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, nikigonga bila kupumzika watu wataizoea kelele. Nikinyamaza, wanageuka kunitafuta."

Jibu hilo limekaa nami juma zima, kwa maana ndiyo siri ya kila anayejua kumwita kiumbe asiye wake.

Huko Marekani wako wawindaji wa kulungu wakubwa waitwao elk. Msimu wa kujamiiana unapofika, mwindaji huweka mdomoni kifaa kidogo kinachoiga sauti ya jike. Hachagui chenye milio mingi. Huchagua chepesi anachokimudu, hupuliza kidogo, kisha husubiri kimya. Dume husikia, huamini, huja. Anakuja kutafuta mwenzi, naye anakutana na mshale. Siwalaumu wenye kutafuta kitoweo, ila mwito wao, tuseme kweli, ni hila.

Afrika yetu inao mwito wa namna nyingine. Yupo ndege mdogo aitwaye mlembe, apendaye nta ya nyuki. Anajua mizinga ilipo, lakini hawezi kupasua mti wala kuwashinda nyuki. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hajui mzinga ulipo. Basi wawili hawa huitana. Waborana wa kaskazini mwa Kenya hupuliza mluzi waitao fuulido: kwa ngumi mbili zilizokutanishwa, kwa gamba la konokono, au kwa kokwa la koche lililotobolewa ndani. Vifaa hivi ni duni kwa macho, lakini sauti yake husikika umbali unaozidi kilomita moja. Mkenya Hussein Isack na mwenzake Reyer waliandika mwaka 1989 kwamba katika eneo geni Waborana walihitaji wastani wa saa 8.9 kuupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye.

Je, sauti yoyote ingetosha? La. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao hutoa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa mwito huo uwezekano wa kuonyeshwa mzinga ulikuwa asilimia 54. Kwa sauti nyingine, asilimia 17 tu. Mwaka 2023 ikaelezwa kwamba mlembe wa nchi ya Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi hapa kwetu Tanzania, huitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Tena ndege huyu hakulelewa na wazazi wake, kwani mama yake hutaga katika viota vya ndege wengine. Maana ya mwito hakurithishwa kiotani. Yaelekea amejifunza kwa kuwatazama watu wa mahali pake na kuona kinachofuata baada ya sauti yao.

Hapo ndipo penye fundisho, ndugu zangu. Mwito ni ahadi. Wayao wakishapata asali huweka nta juu ya majani mabichi ili mlembe ale. Wahadza, kwa upande wao, wakati mwingine huificha au kuichoma nta, ili ndege abaki na njaa na kuongoza tena. Hata hivyo bado anawaitikia, kwa maana makombo hayakosekani. Na kama nta ingekosekana kabisa, kila siku, kizazi hata kizazi? Nadhani mluzi ungebaki upepo tu. Mdominiko João dos Santos, aliyeishi Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliona ndege hao wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta. Nta wanaifuata popote ilipo. Hawafuati uzuri wa sauti.

Nayasema haya nikijishtaki mwenyewe. Yuko kijana asukumaye mkokoteni pale Kariakoo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimpigia mluzi kutoka ng'ambo ya barabara, naye akija mbio kunibebea mizigo. Siku moja aliniambia anatamani kujifunza udereva. Nikamwambia, "Niachie mimi, nitakuulizia chuo." Akaja mara ya kwanza kuulizia; nikasema bado. Akaja mara ya pili, na ya tatu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeuliza popote. Nilikuwa nimesahau, na kila aliponijia niliona haya kukiri.

Mwezi uliopita nilimpigia mluzi kama kawaida. Akageuka, akaniona, akainamisha kichwa, akaendelea kusukuma mkokoteni wake. Alisikia. Hakuja.

Ningeweza kupuliza kwa nguvu zaidi. Ningeweza kumwita kijana mwingine, kwani Kariakoo hawakosekani. Lakini mluzi wangu haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni nta.

Sikumwita tena. Nilikwenda kwanza kuuliza ada na siku za masomo, nikaziandika kwenye karatasi, kisha nikatembea kwa miguu hadi aliposimama. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikudanganya." Aliishika ile karatasi muda mrefu bila kusema neno. Mwishowe akauliza, "Jumatatu, mzee?" Nikajibu, "Jumatatu. Nitakuwa hapa kabla yako."

Ndugu msomaji, juma hili usijiulize una sauti gani. Jiulize ni nani aliyeacha kukuitikia, na ulimwahidi nini.

Nawatakia juma jema.