Kusikiliza Nako Hufundishwa



Mwaka jana, jioni moja baada ya mafundisho, tulipokea katika simu ujumbe wa sauti kutoka Marekani. Aliyeutuma ni binti wa kaka yetu. Familia yake ilivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita, ikaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, na mwishowe ikapelekwa Marekani pamoja na Wakongomani wengine wengi. Leo binti huyo anajiandaa kuwa mshauri wa wanafunzi shuleni. Alitueleza masomo yake kwa urefu, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: “Baba mdogo, nyinyi mmewasikiliza vijana kwa miaka 30. Wakati huo wote, ni nani aliyekuwa akiangalia namna mnavyosikiliza?”

Sisi tunaowaandikia ni katekista, na kwa kazi ni mwalimu. Katika shule ya ualimu tulifundishwa kufundisha. Tuliandika matayarisho ya somo, tukasimama mbele ya watoto, na mwalimu wa mazoezi akaketi nyuma ya darasa na daftari lake. Mwishoni alituambia mbele ya wenzetu mahali sauti ilipofifia, na mahali tulipowapa watoto mgongo tukiongea na ubao. Hakuna aliyetupa chaki siku ya kwanza akaenda zake. Lakini kumsikiliza mtoto anayebaki nyuma wenzake wakishatoka, hakuna aliyetupa hata somo moja la namna hiyo. Na watoto wa namna hiyo walitujia tangu juma la kwanza la kazi, na hadi leo hawajaacha kuja.

Swali la binti yetu lilitukumbusha mwaka 2004. Msichana mmoja wa miaka 16 alibaki baada ya mafundisho ya kipaimara. Baba yake alikuwa amemwandikisha katika sehemu ya biashara, kwa sababu mwenye duka mmoja aliahidi kumpa kazi baadaye. Masomo yalimshinda. Kwa majuma mawili alikuwa akitoka nyumbani na sare yake, nyeupe na bluu, lakini asubuhi yote aliipitisha sokoni, kwenye meza ya shangazi yake. Alitaka kubadili sehemu, wala hakujua amwambie nani.

Tulimsikiliza kwa dakika kumi hivi. Kisha tukafanya tulilodhani kuwa ni wajibu: tukamhimiza awe na moyo, awatii wazazi, asali. Jumapili ile, baada ya Misa, tukamwendea baba yake, ambaye tulikuwa naye katika shirika moja, tukamweleza yote. Nia yetu ilikuwa njema, na baba alitushukuru. Juma lililofuata akaacha kumlipia karo, kwani hakuona sababu ya kutoa feza kwa mtoto anayekaa sokoni. Msichana hakurudi shuleni mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Katika mafundisho pia hakurudi. Tulipokutana naye njiani, alitusalimu kwa adabu akitazama chini, akapita.

Kwa muda mrefu tulijiambia kwamba kosa lilikuwa la baba. Lakini neno lile lilikuwa mali ya mtoto, nasi tulilitoa bila kumwomba ruhusa.

Sasa turudi kwa binti yetu. Alipotuambia kwamba amebakiza leseni, hatukumwelewa. Kwetu Kongo, lisanse ni cheti cha mtu aliyemaliza chuo kikuu. Kwao, leseni ni ruhusa ya kufanya kazi inayotolewa na jimbo. Hutolewa kwa muda, hufanywa upya baada ya miaka fulani, na mwenye kukosa vibaya aweza kunyang'anywa. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake juu ya jambo hili, lakini kwa jumla njia ni moja. Mtu hupata kwanza shahada ya chuo kikuu, kisha huongeza masomo ya uzamili katika ushauri. Vyuo vilivyothibitishwa na baraza liitwalo CACREP hudai krediti 60, ambazo kwa kawaida huchukua miaka miwili au mitatu. Hapo hujifunza jinsi mtoto anavyokua, jinsi ya kuongoza kikundi, jinsi ya kumsaidia mtu kuchagua kazi, matumizi ya mitihani ya kupima uwezo, na maadili ya kazi yenyewe.

Baada ya hayo huja mazoezi, na ndiyo yaliyotugusa. Mwanafunzi huanza na saa 100, na katika hizo saa 40 kwa uchache ni za kukaa na watu hasa na kuwahudumia. Kisha hufanya saa nyingine 600 katika shule, na 240 kati yake ni za huduma hiyo. Wakati wote huo yuko chini ya msimamizi. Kila juma huketi naye na kumweleza aliyoyasikia, aliyoyajibu, na yaliyomshinda. Mara nyingine mazungumzo hurekodiwa kwa idhini, ili msimamizi asikie mwenyewe. Majimbo mengi hudai pia mtihani, na ule unaotumika sana huitwa Praxis. Kwa kawaida huchukua na alama za vidole za mwombaji, ili wajue kama hana hatia ya nyuma isiyofaa kwa mtu anayekaa na watoto.

Msifikiri kwamba wenzetu walianza hivyo. Walianza na walimu kama sisi. Mwaka 1907 mkuu mmoja wa shule katika mji wa Grand Rapids, Jesse B. Davis, aliingiza mafundisho ya kuchagua kazi na mwenendo mwema ndani ya masomo ya insha. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua mjini Boston ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Mwaka 1952 washauri wa shule waliunda chama chao. Na mwaka 1958, baada ya Warusi kurusha Sputnik angani, Serikali ya Marekani ilitoa feza kwa sheria ili washauri wengi zaidi wafundishwe, kwa maana iliogopa kupoteza vijana wenye akili. Polepole waliona kwamba moyo mwema hautoshi. Hata leo kazi huwazidi: chama chao hushauri mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, lakini kwa miaka mingi wastani wa nchi nzima umepita 350. Leseni haikuondoa taabu zote. Ilifanya jambo moja: mshauri akikosa, kuna mahali anapoulizwa.

Sisi tulipokosa mwaka 2004, hakuna aliyetuuliza. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya watoto kama kawaida.

Binti yetu alituambia pia neno ambalo mshauri humwambia mtoto kabla hajafungua moyo: “Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa kama maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, au kama kuna mtu anayekutesa. Hapo nitalazimika kutafuta msaada kwa wengine.” Mtoto hujua mapema mpaka uko wapi, naye huchagua aseme au anyamaze. Sisi makatekista hatusemi hivyo. Tena hatari yetu ni kubwa zaidi, kwani mtoto anayetufungulia moyo kanisani hufikiri mara nyingi kwamba siri yake imefungwa kama ile ya kitubio. Sisi si mapadre. Siri ile imefungwa na uaminifu wetu tu.

Je, katika Kongo yetu hakuna njia? Ipo. Vyuo vikuu vya Kisangani na Lubumbashi vina vitivo vya saikolojia na sayansi za elimu. Na Serikali yenyewe yakiri kwamba mtoto huhitaji kuongozwa, kwa maana mwishoni mwa mwaka wa nane wa elimu ya msingi humpa mtihani wa Tenasosp, ambao jina lake lasema wazi kwamba ni wa kuchagua na kuelekeza, katika masomo na katika kazi. Lakini mtihani hutoa alama. Haumwulizi mtoto kwa nini halali usiku. Katika shule nyingi tulizozijua, kazi hiyo huangukia mwalimu wa darasa au mkuu wa nidhamu, ambaye asubuhi ile ile amemwadhibu mtoto kwa kuchelewa. Atamweleza nini mtu yule?

Mwezi wa tano uliopita, mama mmoja alibisha mlangoni kwetu. Alikuwa yule msichana wa 2004. Leo anauza vitambaa, na mtoto wake wa kwanza alikuwa akimaliza mwaka wa nane. Alikataa kiti. Akasema: “Mwalimu, mtoto wangu anataka kuongea nanyi juu ya sehemu atakayoichagua. Nimemruhusu. Lakini kwanza niambieni: mara hii mtamwambia nani?”

Tulimwomba msamaha, kwa kuchelewa miaka 21. Alinyamaza kidogo, akasema: “Nimesikia.” Hakuongeza neno, nasi hatukumdai liwe zaidi ya hilo.

Kesho yake mtoto alikuja. Kabla ya yote tulimwambia yatakayobaki kwetu na yasiyoweza kubaki. Alituangalia kama mtu asiyeamini, kisha akaeleza. Anapenda ufundi wa mitambo, naye anaogopa kwamba mama yake ataona ni kazi ya mikono michafu. Hatukumchagulia. Tulimwuliza: “Je, ungependa mama ajue yapi, na nani amwambie?” Akafikiri, akajibu kwamba atamwambia mwenyewe, ila tumsaidie kupanga maneno. Tulikaa saa nzima tukipanga maneno.

Siku mbili baadaye tulimwendea mwalimu mwenzetu mmoja, mama aliyesoma saikolojia katika chuo kikuu, ambaye kwa umri angekuwa mtoto wetu. Bila kutaja jina la kijana, tulimweleza mazungumzo yalivyokwenda. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: “Mahali fulani, mwalimu, mlimwuliza maswali manne kwa mfululizo, wala hamkungoja hata jibu la kwanza.” Ilikuwa kweli. Tulijisikia kama zamani katika mazoezi, mwalimu wetu akiwa ameketi nyuma na daftari. Na tangu siku hiyo, binti yetu akituuliza tena swali lake, tunalo jibu.

Wapendwa, wengi wenu ni viongozi wa vikundi. Mdogo wenu atawajia baada ya mkutano, wakati wa kupanga viti, na atawaambia neno ambalo hajamwambia mwingine. Hamna leseni, wala sisi hatunayo. Lakini mambo matatu yanawezekana bila leseni. Mwambieni mapema mpaka wa siri uko wapi. Msilipeleke neno lake kwa mtu bila kumwomba ruhusa, isipokuwa pale penye hatari ya kweli. Na hapo msichelewe hata siku moja, mkimtafuta mtu mzima mwenye uwezo wa kumlinda. Na kila mmoja wenu awe na mtu mmoja wa kumwendea, anayejua zaidi, wa kumwonyesha alipokosa. Na kama kati yenu yuko anayejisikia kuitwa kwenye kazi hii, asitosheke na kusifiwa kwamba ana moyo wa huruma. Aende akasome. Watoto wetu wanastahili kusikilizwa na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Kwa kutafakari katika vikundi:

1. Je, tumewahi kutoa siri ya mtu kwa nia njema? Ilimfikisha wapi?

2. Katika shule yetu, mwanafunzi mwenye shida humwendea nani? Na ni nani asiyethubutu kumwendea?

3. Kila mmoja wetu ana nani wa kumwambia, “Hapa hukusikiliza”?