Kifungu cha 49

Watu huniuliza nilianzaje uanaharakati. Nilianza na mkate.

Kaka yangu alishikwa Jumanne jioni akienda dukani. Mama akafunga elfu mbili kwenye pindo la leso. Hapa Mathare tumezoea hivyo: unatoa kitu, unarudi nyumbani, unanyamaza. Marafiki zake nao walikuwa wameshakusanya tairi za kuchoma.

Niliwaomba wanipe hadi asubuhi. Usiku nikasoma Katiba ya 2010 kwa simu, bando ikielekea kuisha. Kifungu cha 49: ukikamatwa, uambiwe sababu mara moja, ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha.

Asubuhi nikasimama kaunta, magoti yakitetemeka. Nikauliza ameandikiwa kosa gani kwenye OB.

“We ni wakili?”

“Hapana, afande. Mimi ni dadake.”

Akafungua kitabu. Jina halikuwepo. Saa nne wakamwachilia, bila shilingi, na tairi hazikuwashwa.

Tukitoka, niliona wamama watatu kwenye benchi, kila mmoja ameshikilia pindo la leso yake. Nikamwambia kaka atangulie na Mama. Mimi nikarudi ndani.