Siku Moja ya Vakansi Huko Tshivanga



Katika vakansi ya mwaka 2024, baadhi yetu tulikuwa Bukavu pamoja na watoto. Safari ya kutoka kwetu, kwa njia ya Lulimba, Fizi, Baraka na Uvira, inachosha mwili. Tulipomaliza kuwasalimu jamaa tukapatana: siku moja tusifue, tusitwange sombe, tusiende sokoni. Twende kutembea porini.

Tshivanga ni lango la Parki ya Kahuzi-Biega, si mbali na Bukavu. Njiani unaona migomba, mihogo na mashamba ya chai. Halafu mashamba yanakatika na msitu unaanza kama ukuta. Ni juu ya mita 2,000, kwa hiyo asubuhi kuna baridi na ukungu. Mwenye kwenda na mtoto mgongoni achukue kitenge cha pili.

Parki ilipewa jina la milima miwili: Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega, wenye mita 2,790. Ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikaongezwa sana hata ikafika kilomita za mraba 6,000 hivi. Sehemu yake inaingia hata katika Maniema yetu. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika kati ya mali za dunia nzima, na mwaka 1997, kwa sababu ya vita, ikaitia katika orodha ya mali zilizo hatarini.

Watu wengi walikuwa wakienda kuona gorila. Malipo yalikuwa makubwa, watoto wadogo hawakuruhusiwa, na mwenye mafua alibaki langoni, kwa sababu gorila hushikwa na magonjwa yetu. Sisi tulichagua kutembea tu na mwongozaji, pole pole, kwa mwendo wa watoto. Alituonyesha mianzi, akaeleza kwamba gorila hupenda machipukizi yake. Alituonyesha pia kitanda cha gorila cha majani, kimekwisha kukauka. Kila jioni gorila hutengeneza kingine. Mama mmoja akasema, "Basi huyu hafui mashuka!" Tukacheka mpaka ndege wakaruka.

Saa sita tuliketi kwenye majani, tukala wali na samaki tuliobeba. Watoto walikimbia, wakapiga kelele, wakajificha nyuma ya miti. Tuliwatazama kwa furaha na kwa uchungu pia. Wengine kati yao walilijua pori kama mahali pa kukimbilia tu, bunduki zinapolia. Siku hiyo walijificha kwa mchezo.

Lakini hatutaki kuwaeleza uzuri peke yake. Nje ya parki, kando ya barabara, tulimkuta mama Mtwa akiuza kuni. Alisema bibi yake alizaliwa ndani ya msitu ule. Parki ilipoanzishwa Watwa waliondolewa, na hawakupewa ardhi ya kuwatosha. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza kwamba serikali yetu ilivunja haki zao, na kwamba inapaswa kuwarudishia ardhi yao. Tulinunua kuni zake, tukampa na sehemu ya wali. Tulijua hilo si jibu la shida yake.

Toka siku hiyo tunazungumza juu ya kwetu. Salamabila pia miti inakwisha: mingine inachomwa makala, mingine inategemeza mashimo ya dhahabu. Vijito vinachafuka, na anayetembea mbali zaidi kutafuta maji safi ni mama na binti yake. Hatuhitaji parki kubwa. Tunaweza kuanza na miti inayozunguka chemchemi tunazochota: isikatwe, na palipo wazi tupande mingine. Lakini kwanza tukae na wenye shamba la pale na wanaokata kuni pale, tujue watapata wapi riziki. Tukiwafukuza tu, tutakuwa tumemtengeneza yule mama wa barabarani hapa kwetu.

Tunaomba kila kikundi kiongee juu ya jambo hili katika mkutano wake, kisha kituletee jina la chemchemi moja ya kuanza nayo.