Picha Yaenda kwa Nani?

Kamera niliyojifunzia kazi ilikuwa Yashica ya lenzi mbili, lile sanduku linaloning'inia kifuani. Ilikuwa mali ya mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa na studio ndogo Mombasa. Kamera hiyo hailetwi usoni. Mpiga picha huinamisha kichwa, akatazama kioo cha juu ambamo kulia huonekana kushoto, akapanga picha yake, kisha akainua uso. Kidole kiko tayari, lakini macho sasa yako kwa mtu. Mjomba alipiga hapo, yeye na mteja wakitazamana bila kitu katikati. Nimeshika kamera nyingi tangu wakati huo, zenye uwezo ambao mjomba asingeuota, na bado naamini hakuna iliyoundwa vizuri kuliko ile kwa kazi ya kupiga picha uso wa mtu.

Mkanda wake, ule mpana wa namba 120, ulitoa picha 12 basi. Mkanda ulikuwa ghali, karatasi ghali, dawa za kusafishia ghali, kwa hiyo mteja alipigwa picha moja, na mwenye nacho akaongeza ya pili. Uchache huo ndio uliotupa muda. Ukiwa na nafasi moja, humpigi mtu ambaye bado anahema kwa ngazi au ambaye roho yake imebaki kwenye foleni ya benki. Mjomba alimkalisha mteja, akamwita muuza kahawa wa barazani, akauliza ya nyumbani na ya kazini. Kisha lilikuja swali ambalo sikumsikia akiliacha: "Picha yaenda kwa nani?"

Karibu kila picha ilikuwa na wa kuipokea. Iliandikwa nyuma kwa kalamu, jina na tarehe na neno la ukumbusho, ikatiwa bahasha kwenda bara, Unguja, Muscat au Jeddah. Mteja akishamtaja mpokeaji, mabega yalishuka na macho yakapata pa kwenda. Namkumbuka kuli mmoja wa bandarini, mtu mzima wa kifua kipana. Alivaa koti la studio, lile lililotundikwa msumarini kwa wateja wasio na koti, akafunga tai, kisha akaficha mikono nyuma. Ilikuwa na makovu ya kamba, na kidole kimoja hakikuwa na kucha. Mjomba akamuuliza swali lake. "Kwa babangu," akasema, "yuko Voi." Kwenye kahawa alikuwa ameshatwambia kwamba ndiye anayewalipia karo wadogo zake. Mjomba akamwambia, "Basi baba atataka kuiona mikono, mwanangu. Si ndiyo iwasomeshayo?" Yule mtu akacheka, akaitoa, akaiweka magotini. Katika picha ile mikono iko mbele kabisa, imetulia juu ya suruali iliyopigwa pasi, na uso ulio juu yake ni wa mtu anayejijua. Mimi ndiye niliyeshika taa siku hiyo, na sijaona somo kubwa kuliko lile katika kazi hii.

Hatukuwa peke yetu wala hatukuwa wa kwanza. Pwani hii ilikuwa na mabingwa wake. Mombasa palikuwa na N. V. Parekh, ambaye studio yake iliwapokea maharusi na familia za kila jamii tangu miaka ya 1940. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akawa anakata na kuunganisha picha kwa mkono hadi mtu akajiona mahali ambapo hajapata kufika. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo pale Shangani. Baadaye sana nilipopata kuona picha za Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948 na kutumia shuka lake la kitandani kama pazia la nyuma, niliitambua adabu ileile. Naye kwa kawaida alimpiga kila mteja mara moja tu. Watu katika picha zake wamekuja wakiwa wanajua wanataka kuonekanaje, na yeye amewasaidia kufika.

Mjomba alinichukua kazini kwa ajili ya wanawake. Wake wa watu na mabinti walikuwa wanakuja na buibui zao, na wengi walitaka picha ya bila shungi, yenye nywele zilizosukwa na asumini, ya kumpelekea mume aliyeko Uarabuni. Kwa mwanamume, hata awe mzee wa heshima kama mjomba, hilo lilikuwa jambo zito. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nilifunga mlango, nikashusha pazia, na mjomba akakaa nje na wenye kungoja zamu. Picha ikishasafishwa, mwenyewe alikabidhiwa karatasi na negativu pamoja. Hakuna kilichobaki studio. Mjomba alikuwa na makasha ya negativu za miaka mingi, zimepangwa kwa tarehe, lakini za wanawake hao hazimo, na yeye hakupata kuziona. Nafikiri watu wengi wanaozungumzia picha nzuri ya mtu huzungumzia mwanga na lenzi. Wanawake wale waliniachia nyuso zao kwa sababu walijua zitakwenda wapi na zitaishia wapi.

Kisha rangi ikatawala. Chumba chetu cha giza, chenye taa nyekundu na trei za dawa, kilifungwa na kuwa stoo, maana mashine za maabara ya mjini zilikuwa zinatoa picha za rangi kwa saa moja. Watu walifurahi, nami nilifurahi nao, mpaka nilipoanza kuzitazama nyuso kwa makini. Bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe alirudi kutoka maabara akiwa gauni lenye kivuli juu yake. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Kwa miaka mingi maabara duniani zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mkanda wenyewe ulitengenezwa kwa kufuata ngozi ya namna hiyo. Watafiti wanasimulia kwamba waliosikilizwa kwanza walipolalamika kuwa kahawia haitoki sawasawa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Habari hiyo iliniuma, na inaniuma hata leo. Katika nyeusi na nyeupe, mjomba aliweza kukinga mwanga kwa kiganja wakati wa kuchapa, sekunde mbili tatu juu ya uso, na uso ukatoka na mashavu yake na paji lake. Mashine ya mjini haikuwa na kiganja. Tulichoweza ni kushindana nayo kabla mkanda haujaondoka kwetu: kumkalisha mtu ubavuni mwa dirisha, kutundika shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga, kumwomba aje na nguo ya rangi isiyomeza uso.

Miaka hiyo hiyo, kwenye feri ya Likoni, wapiga picha walisimamisha studio zao nje, na mapazia ya kuchora yenye meli, ndege na maua ya plastiki. Baadhi ya wenye studio za mjini waliwadharau. Mimi sikuwadharau. Wateja wao walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi pwani, na picha ile ya mbele ya meli ilikuwa salamu kwa walioachwa nyumbani: nimefika, ni mzima. Machafuko ya Agosti 1997 yaliwatimua watu wengi wa bara kutoka Likoni, na biashara ile ikaumia pamoja na watu wake.

Kamera za kidijitali zilipofika, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa dogo. Mteja alikuwa hasubiri tena siku tatu, alinyoosha mkono na kusema, "Hebu nione." Akajiona. Akasema kidevu kimeinuka, turudie. Akajiona tena. Ile ya nne au ya tano ilikuwa safi, kidevu mahali pake, lakini mtu aliyeingia mlangoni alikuwa ameshaondoka. Zamani alikuwa akinitazama mimi, au akimtazama aliye Muscat kupitia kwangu. Sasa alikuwa anajitazama mwenyewe. Simu zilikuja kumaliza kazi hiyo, maana kioo na lenzi vilihamia upande mmoja. Mambo hayo hayakutupata sisi tu. Kodak, ambayo mhandisi wake ndiye aliyeunda kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2012.

Binti wa kaka yangu, ambaye sasa ndiye ninayefanya naye kazi, haafikiani nami katika hili, na ni haki niyaandike maneno yake pia. "Shangazi," huniambia, "nyinyi mlikuwa mnamwinua mtu kidevu. Sisi twajiinua wenyewe." Msichana aliyejipiga selfi mia moja, anasema, anaujua uso wake kuliko bibi yake alivyoujua wake, na hamhitaji mtu wa kumwambia ni mzuri. Tena ananikumbusha kwamba mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kamera iliyorekebishwa ili ngozi nyeusi itoke ilivyo, jambo ambalo mkanda wetu mpendwa ulitunyima. Hapo sina la kumjibu. Amesema kweli.

Lakini yeye mwenyewe amelichukua swali la mjomba, bila mimi kumwomba. Juzi alimpiga picha msichana wa chuo, akamuuliza picha yaenda kwa nani. "Naweka status," akajibiwa. Naye akashikilia: "Status wataiona wengi. Wewe wamtaka nani aione?" Msichana akanyamaza, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema kuna mtu yuko Doha. Binti wa kaka akaipiga picha hapo hapo, akiwa ameishusha kamera kifuani. Sikuwa nimemfundisha hilo la kuishusha.

Tunachobishania sasa ni picha za kina mama. Katika harusi za wanawake hapa pwani, mlangoni kuna mtu anayekusanya simu, na wanaoruhusiwa na kamera ni wapiga picha wanawake pekee. Kazi hiyo ni yetu. Nikishamkabidhi bibi harusi picha zake kwenye diski ndogo, nafuta zilizo kwenye kompyuta akiwa amekaa kando yangu anaona. Binti anasema ni hasara, kwamba mteja akipoteza diski hatuna cha kumpa, na kwamba kazi nzuri isiyoonyeshwa haileti kazi nyingine. Hoja zake ni nzito na hatujamaliza.

Ijumaa baada ya sala huwa naenda majumbani kuwapiga picha wazee. Nilianza baada ya kuona wafiwa wakija na simu zilizojaa mamia ya picha za marehemu, mzee yuko pembeni, mzee amekatwa nusu, mzee anatazama sahani, na hakuna hata moja inayofaa kuwekwa kwenye fremu. Mjukuu humkalisha babu dirishani, naye mwenyewe hukaa karibu na kamera ili babu apate wa kumtazama. Napiga chache, nachapa nakala mbili kwa karatasi ya kweli, na mzee huandika nyuma kwa mkono wake, au humtajia mjukuu maneno akaandika. Vijana huniuliza mbona sipigi nyingi. Wazee hawaulizi hilo. Wao huuliza kama kofia hii ndiyo, au wavae ile ya viua.